Majirani Waliowahi Msibani

Mtu wa kwanza kufika kwenye msiba wa mume wangu alimkuta mume wangu anakunywa uji. Nitaeleza ilivyokuwa, lakini kwanza niseme kwa nini naandika. Naandika kwa ajili yako wewe unayeuguza mtu ambaye hatapona, na ndani ya nyumba kila mmoja anajua, na hakuna anayesema. Mimi nimepita humo. Elimu ya tiba sina, na majina ya dawa nilikuwa nayasahau kabla sijafika nyumbani. Ninachokijua ni hofu, maana nililala nayo na kuamka nayo tangu kahawa ilipoanza kuiva hadi mvua za kwanza.

Mume wangu aliitwa Kosmas. Kifungua mimba wetu ni Festo, kwa hiyo mimi nilimwita Baba Festo na yeye akaniita Mama Festo, isipokuwa akitaka kunichokoza, hapo niligeuka kuwa "Mnyasa". Nimezaliwa Mbamba Bay, kando ya ziwa. Yeye alikuwa Mmatengo wa Mpepai, mtu wa milima na kahawa. Miaka yote ya ndoa yetu aliwasimulia wageni jinsi siku ya kwanza nilipopelekwa shambani nilivyotumbukia kwenye ngolo, yale mashimo ambayo Wamatengo huyachimba mteremkoni ili maji yasichukue udongo, na jinsi nilivyopiga kelele nikiwa humo ndani nitupiwe wavu. Sikuomba wavu. Nilikataa hadithi hiyo mbele ya mapadri, mbele ya wakwe, mbele ya wanangu mwenyewe, na kila nilipokataa watu walicheka zaidi.

Ugonjwa ulianzia tumboni. Tulikuwa tunachuma kahawa, ile baridi ya Juni inayouma mpaka kwenye kucha, nikaona anafunga suruali kwa kamba. Tumbo lilikuwa linakua huku mikono na mashavu yakipukutika. Sokoni Mbinga watu walimsifu kwamba kanenepa, na yeye alicheka nao. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeona macho yake yamekuwa ya manjano, na usiku nilikuwa namsikia akigeuka taratibu ili asiniamshe, nami nilikuwa macho muda mrefu.

Hospitali ya misheni tulikaa kwenye benchi refu. Anayeitwa akiingia, wote mnasogea kwa makalio, na nafasi moja inapungua. Tumbo likamfanya asogee kwa shida. "Mama Festo," aliniambia, "benchi hili halijawahi kupigwa msasa. Limelainishwa na suruali za wagonjwa." Mama mmoja mwenye mtoto akacheka. Ule ndio ulikuwa utani wake wa mwisho kwa muda mrefu.

Daktari alituita sisi ndugu: mimi na Shemeji Longino, kaka yake mkubwa. Longino ni katekista, mtu mwema, amesimama kwenye makaburi ya watu wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Daktari alisema ni saratani ya ini, na imekwenda mbali. "Tutamsaidia asiumie," alisema. "Kumponya hatuwezi." Longino akauliza kuhusu Dar es Salaam. Daktari akasema hakatazi, ila kwa hali ile safari yenyewe inaweza kummaliza, na huko pia watamwambia hayohayo.

Tulipotoka Longino alinishika kiwiko.

"Shemeji, hili neno lisimfikie. Mtu ukimwambia anakufa, umemsukuma."

Nilikubali kwa kichwa. Kosmas alikuwa palepale kwenye benchi, ametushikia nafasi kwa kofia yake. Akauliza, "Wamesemaje?"

"Maji tu," Longino akasema. "Yatatolewa."

Kosmas akanitazama. Nikatazama sakafu. Akachukua kofia yake, akaivaa.

Maji yalitolewa kweli. Walimchoma mrija ubavuni, yakawa yanaingia kwenye ndoo, rangi ya chai ya rangi. Tumbo lilibaki na ngozi inayoning'inia kama gunia lililomwagwa mahindi. Siku chache alikula, alitembea mpaka kwenye mibuni, na mimi nikaanza kujidanganya. Kisha tumbo likarudi. Walipotoa mara ya pili lilirudi upesi zaidi, na mara ya tatu hakutembea kabisa. Huo ndio ukawa mwaka wetu: kabla ya maji ya kwanza, baada ya maji ya pili. Nilisahau hata ni lini tulimaliza kuchuma.

Nyumbani alikuwa anakuja Sista Edita kwa pikipiki, muuguzi wa tiba shufaa, yaani wale wanaowatunza watu ambao hospitali haina tena la kuwafanyia. Alileta mofini ya maji kwenye chupa. Alikuwa na desturi ya kumwambia mgonjwa aonyeshe maumivu kwa vidole: kimoja ni kidogo, vitano ni yale yasiyovumilika. Longino akiwa amesimama mlangoni, Kosmas alionyesha kimoja. Mimi nilikuwa nimekaa miguuni pake. Niliona vidole vya miguu vimejikunja chini ya blanketi.

Ukimya wake ndio ulionitisha kuliko tumbo. Mwanaume niliyeishi naye kwa kelele na vicheko alikuwa amelala akitazama paa, akijibu "ndiyo" na "hapana". Nilidhani ugonjwa umekula ulimi wake. Na nyumba nzima ilikuwa hivyohivyo, maana Longino alikuwa ameweka amri: hakuna kucheka uani, hakuna kutaja kifo, hakuna habari za misiba ya wengine. Watu waliingia kwa kunyata, wakasali, wakasema "utapona tu, Mungu ni mwema," wakatoka kwa kunyata. Nilikuwa napika bila kugonganisha vyombo. Kijiko kikianguka, nilihisi nimefanya dhambi.

Gervas ndiye aliyezuiliwa kabisa. Gervas ni Mngoni, fundi baiskeli pale Mbinga, na ukoo wake na ukoo wa mume wangu ni watani. Mababu walipigana, vita vikaisha, wajukuu wakabaki na utani wa kuitana watumwa. Mtani ana kazi yake: msiba ukitokea, yeye huja kumwigiza marehemu, kuvaa nguo zake, kuwachokoza wafiwa mpaka wacheke huku machozi yanatoka. Hakuna wa kumkasirikia. Lakini kazi hiyo ni ya msibani. Longino alimrudisha njiani mara mbili. Alimwambia mtani anayekuja kwa mgonjwa ni sawa na jeneza linalobisha hodi.

Halafu likaja jambo la safari. Longino na mwanangu Festo, anayeendesha lori la makaa ya mawe kule Ngaka, walikuwa wamepata gari la kumpeleka Dar es Salaam. Jumatatu alfajiri. Longino alisema hawezi kusimama mbele ya wazazi wake mbinguni akasema alimwacha mdogo wake afe bila kujaribu. Nilimwelewa. Nilimwelewa sana, na ndiyo maana sikuweza kumpinga. Lakini nilipokuwa napanga nguo kwenye begi nilikuwa naihesabu barabara: Songea, Njombe, Makambako. Nilikuwa najiuliza ni wapi kati ya hapo atakatia roho, kwenye kiti cha gari, kati ya watu wanaouza viazi dirishani.

Kitu kimoja tu nilitaka kukijua: yeye anataka nini? Nilikwenda kitandani mara nyingi nikiwa na swali mdomoni. Lakini huwezi kumuuliza mtu "unataka kwenda?" bila yeye kusikia "unataka kufia wapi?" Nilisimama pale, nikatengeneza mto uliokuwa hauna tatizo, nikarudi jikoni. Jumamosi ikafika bado sijauliza.

Jumamosi hiyo Longino alikuwa kigangoni anafundisha watoto wa komunyo. Mimi nilikuwa namnywesha Kosmas uji, kijiko kimoja, napumzika, kijiko kingine. Ghafla kilio kikatokea njiani. Kilio cha msiba kabisa, kile kinachoanzia tumboni.

"Yoo! Mtumwa wangu! Umekwenda, umeniachia dunia yenye watu wasiochekesha!"

Kijiko kilinidondoka. Nikajua sauti. Nilitaka kukimbia nimzuie, nikachelewa. Gervas akaingia uani amevaa koti la mvua nje-ndani, sufuria kichwani, na chini ya shati amejaza majani ya migomba mpaka tumbo limetangulia hatua mbili. Akapita mlango kwa ubavu, anahema, ameshika kiuno, kutembea kulekule kwa Kosmas. Akasimama mbele ya kitanda.

"Kumbe uko hai," akasema, amekasirika. "Nyumba imenyamaza hivi nikajua mmeshazika bila kunialika. Sasa haya majani niliyobeba toka Mbinga ni ya nini?" Akamtazama tumbo. "Na wewe, mimba hiyo unajifungua lini? Maana ya kwangu naona imeipita yako kwa mwezi mmoja."

 Nilimtazama mume wangu nikitegemea machozi. Mdomo wake ukatetemeka, uji ukamtoka kwenye kona. Kisha sauti ikatoka, nyembamba, kama mlango uliokaa muda mrefu bila kufunguliwa.

"Mapacha," alisema. "Wote wanafanana na wewe. Ndiyo maana nawachelewesha."

Akacheka. Kicheko kilimuuma, alishika ubavu, akaendelea kucheka. Na mimi nilikaa chini sakafuni nikalia, sijui kwa lipi.

Hapo ndipo mlango ukafunikwa na kivuli. Alikuwa jirani yetu Mama Akwilina, mzigo wa kuni kichwani, khanga imefungwa kiunoni, machozi yanamtiririka. Alipomwona Kosmas amekaa na bakuli la uji, aliachia kuni zote zikaanguka kizingitini.

Tulikuwa tumesahau milima. Kwetu mtu akilia upande huu wa bonde, upande wa pili wanasikia, na kilio cha Gervas kilikuwa cha ustadi. Watu walikuwa wanashuka kwenye njia zote. Wanawake na unga, na maharage, na sufuria kubwa za jumuiya. Wanaume na majembe na sururu, tayari kwa kuchimba. Wakaingia wanalia, wakamwona, wakanyamaza, wakabaki wamesimama uani bila kujua majembe wayaweke wapi.

"Karibuni," Kosmas akasema kutoka kitandani. "Marehemu hajafika bado."

Mzee mmoja akaangua kicheko kabla hajajizuia. Wengine wakafuata.

Longino alifika wa mwisho, anakimbia, rozari imejizungusha mkononi, viatu vimejaa vumbi. Alikuwa analia kama mtoto. Alipomwona mdogo wake akiwa hai alishika nguzo ya kibaraza. Halafu akamwona Gervas na sufuria yake.

"Wewe!" akasema. "Umekuja kumuua!"

"Shikamoo, Katekista," Gervas akajibu, akavua sufuria kwa heshima. "Mimi simuui, nauliza tu. Hawa wenye majembe wanataka kujua, wachimbe leo au warudi Jumatatu?"

"Jumatatu sipo," Kosmas akasema. "Nasafirishwa. Dar es Salaam."

"Njia ya wapi?"

"Njombe."

"Njombe!" Gervas akapiga makofi. "Mtumwa wangu, ukifia Njombe na baridi ile, nani atakuja kukucheka? Mimi koti langu ndilo hili, na liko nje-ndani. Sema mapema nijue. Unakwenda huendi?"

Swali langu lilikuwa limekaa pale, wazi, katikati ya chumba, na alikuwa ameliuliza mtu mwenye majani ya migomba tumboni.  Kosmas aliacha kutabasamu. Akamtazama kaka yake.

"Siendi, kaka," akasema. "Nataka kufia hapa, kwenye kitanda hiki, Mnyasa wangu akiwepo."

Longino akafungua mdomo.

"Nilijua tangu kwenye benchi," Kosmas akaendelea. "Nilivyowaona mnatoka kwa daktari, nilijua. Nikanyamaza kwa sababu mlikuwa mnahangaika sana kunificha. Niliwaonea huruma."

Longino alikaa pembeni ya kitanda, akaweka kichwa kwenye blanketi. Kosmas akamwekea mkono mgongoni. Wanaume walitoka mmoja mmoja na majembe yao. Wanawake hawakuondoka. Walisema unga umekwishaletwa, haurudi nyumbani, wakapika ugali na maharage tukala wote uani, msiba bila maiti. Kosmas alisogezwa dirishani ili aone nani kaja na nani hajaja.

Usije ukadhani hofu iliondoka. Nilikuwa naogopa zaidi, kwa sababu sasa jambo lilikuwa na jina. Lakini tulikuwa tunaogopa pamoja. Sista Edita alipokuja tena na kuuliza vidole, Kosmas aliinua vitano, kisha akamwomba amwazime viwili vya kwake. Sista alicheka, halafu akaongeza mofini, na siku hiyo alilala mchana kutwa bila kukunja vidole vya miguu. Nakwambia wewe unayeuguza: mgonjwa anayeruhusiwa kutania huruhusiwa pia kusema anaumwa.

Wala si kila siku. Kuna asubuhi nilimwosha nikasema mapacha wanapiga mateke leo, nikidhani nachekesha. Aligeukia ukutani akalia. Utani ni wa mgonjwa, yeye ndiye anayeufungulia mlango, na siku akiufunga, ukae nje. Nilijifunza kusubiri.

Dada yangu Monika alipanda kutoka ziwani na mbasa wawili wakubwa na usipa wa kukaanga, wale dagaa wa kwetu. Kosmas alikuwa hawezi tena kula. Alikunywa mchuzi wa mbasa vijiko vitatu, akasema samaki wa Wanyasa ni watamu ila wamefundishwa vibaya, wanakubali kuvuliwa na mtu yeyote. Ngozi yake ilikuwa imekuwa nyembamba, ya manjano, inayowasha mpaka tukamvisha soksi mikononi. Longino alikuwa anakuja kila siku baada ya sala. Siku moja nilimsikia, katekista mwenyewe, anamwuliza mdogo wake kwa sauti ya chini kama anaweza kumfikishia mama yao salamu. Wakacheka wote wawili kimyakimya, kama watoto waliokatazwa kanisani.

Karibu na mwisho Kosmas aliniambia, "Mama Festo, siku yenyewe utapiga kelele na hakuna atakayekuja. Watasema ni Gervas."

"Nyamaza," nikasema.

"Utaona."

Watu huniuliza kama Gervas alitania siku ya maziko. Alitania. Alilala kaburini akadai ni pake. Baadaye nilimkuta nyuma ya jiko ameshika koti lake, analia bila sauti, nami nikamletea maji.

Kwetu mke akifiwa hakai na mumewe. Kilio cha kwanza kikitoka, wanawake wanajaa, wanakuchukua, wanakukalisha kwenye mkeka, na maiti inakuwa mali ya ukoo. Ndivyo nilivyoona kwa mama yangu na kwa majirani wote. Sikulalamikia desturi hiyo, lakini niliiogopa.

Kosmas alikata roho asubuhi, mvua ya kwanza ikiwa imeanza kugonga bati. Longino alikuwa ameshuka Mbinga kufuata chupa nyingine ya mofini, Monika alikuwa ameshateremka kwao. Nilikuwa nimemshika mkono ule wenye soksi. Alivuta pumzi, nikasubiri nyingine, haikuja.

Nikatoka kibarazani nikalia. Nililia kwa nguvu zangu zote.

Bonde likasikia. Ng'ambo moshi wa jikoni uliendelea kupanda kwenye mvua. Kisha nikasikia sauti ya mwanamke, mbali, inaita jirani: "Achana naye, ni Gervas huyo!" Na kicheko.

Nilikuwa nimefungua mdomo nilie tena. Nikaufunga. Nikarudi ndani, nikarudishia mlango.

Nilimvua zile soksi. Nilimfuta uso kwa maji ya vuguvugu, nikamfunga kidevu, nikakaa kitandani karibu naye kama tulivyokuwa tunakaa zamani kabla watoto hawajaamka. Hakuna aliyeingia. Hakuna aliyeniambia nitoke, ninyamaze, nijikaze. Mvua ilinyesha ikapungua. Nilimweleza mambo mengi, mengine ni yetu wawili tu. La mwisho nililomwambia ni kwamba nimeshindwa kesi. "Haya, Baba Festo," nikasema. "Niliomba wavu."

Kisha nikatoka tena nje, nikalia mpaka wakaamini.